Homa iliyofuata kalenda yake: kisa cha mdogo wangu

Nimekuwa muuguzi kwa miaka 17, karibu yote nikiwa wodi ya wazazi. Homa ya mzazi aliyebakiwa na kipande cha kondo naijua, na ya kichanga naijua. Homa ya kansa sikuijua mpaka ilipoingia nyumbani kwetu Morogoro na kumkamata mdogo wangu wa mwisho, kijana wa miaka 23, fundi wa pikipiki. Naandika kisa chake kwa ruhusa yake. Jina lake nimeliacha, na karibu vituo vyote alikopita nimeviacha pia, maana makosa mengine humu ni yangu mwenyewe.

Ilianza tarehe 4 Machi. Alirudi kutoka gereji saa kumi jioni anatetemeka, akajifunika blanketi wakati sisi wengine tunajipepea. Kipimajoto kikasoma nyuzi 38.7. Kesho yake akapimwa malaria kwa kipimo cha haraka, kile cha tone la damu la kidole, mistari ikatoka miwili. Akapewa mseto, dozi ya siku tatu. Malaria inayosikia mseto kwa kawaida humwachia mtu siku ya pili au ya tatu. Yake ilikaa hadi tarehe 12, kisha ikaondoka yenyewe usiku mmoja, shuka likiwa limelowa kama limetolewa kwenye beseni. Tukasema malaria ya safari hii ilikuwa kali, basi.

Mama ndiye aliyeandika. Ana daftari la hesabu za kikoba, na tangu siku ya kwanza alifungua kurasa za nyuma akawa anaweka tarehe, saa na namba aliyosoma kwenye kipimajoto. Hakuwa na nia ya kitabibu. Alisema hamwamini mtu anayejibu "sijambo" huku midomo imekauka.

Tarehe 23 Machi homa ikarudi. Kituoni wakampima tena malaria, mistari miwili tena. Safari hii nilibisha kidogo, nikaomba damu iangaliwe kwa darubini, na darubini haikuona kimelea hata kimoja. Hapa pana jambo ambalo kila mwenye mgonjwa wa homa zinazojirudia anapaswa kulijua. Kipimo kile cha haraka hutafuta protini inayotolewa na vimelea, na protini hiyo hubaki ikizunguka kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Mtu aliyetibiwa malaria mwanzoni mwa mwezi anaweza kuonyesha mistari miwili mwishoni mwa mwezi akiwa hana malaria kabisa. Sijui ni homa ngapi zimefunikwa na mistari ile miwili.

Malaria ilipokataliwa ikaja taifodi. Kipimo kilichotumika ni Widal, ambacho hupima askari ambao mwili umewahi kuwatengeneza dhidi ya bakteria wa taifodi, na katika nchi kama yetu wengi tunatembea nao tangu utotoni. Kikasema ndiyo. Tarehe 27 akaanza vidonge vya siprofloksasini, na tarehe 1 Aprili homa haipo. Tukashukuru kwa kuwa sasa ugonjwa umejulikana.

Tarehe 12 Aprili ikarudi mara ya tatu. Sasa aliniita chumbani akaniambia, "Dada, hebu shika hapa." Juu ya mtulinga, upande wa kushoto, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa kokwa la tende, na mwingine nyuma yake. Hayakuwa na maumivu. Ukiyabonyeza yanarudisha kidole, kama raba ya kufutia penseli. Alikuwa amepungua, mkanda wa suruali ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Akasema pia anawashwa mwili mzima, hasa akitoka kuoga, na hakuna upele wowote. Hilo la kuwashwa sikulitilia maanani, na nilipaswa kulitilia.

Kijana wa Kitanzania mwenye uvimbe shingoni, homa za jioni, jasho la usiku, kikohozi kikavu na uzito unaoshuka: yeyote aliyesoma uuguzi au udaktari kwetu atasema kifua kikuu kabla hujamaliza sentensi. Na mara nyingi atakuwa sahihi. Makohozi hayakuonyesha kitu. Uvimbe ukachomwa sindano nyembamba, majimaji yakafyonzwa, majibu yakasema kuna chembe mchanganyiko za uvimbe, hakuna vimelea wa TB, hakuna chembe za kansa zilizoonekana. Kipimo cha virusi vya UKIMWI kikawa safi. Tarehe 17 Aprili akaanza dawa za TB kwa kukisia, mkojo ukageuka rangi ya machungwa, na tarehe 21 homa ikaondoka.

Mama alichinja kuku siku ile. Siwezi kuisahau furaha ya nyumba yetu, na siwezi kumlaumu aliyeandika zile dawa. Lakini tazama kilichotokea: mseto ulipewa sifa, siprofloksasini ikapewa sifa, na sasa dawa za TB zikapewa sifa, na hakuna hata moja iliyokuwa imefanya kazi. Homa ilikuwa inaondoka siku yake ilipofika. Kwa kuwa kila mara palikuwa na kidonge mkononi wakati inaondoka, tulikishika kidonge.

Tarehe 1 Mei ikarudi. Siku ya tano ya homa hiyo tulikuwa mbele ya daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, kijana mdogo kuliko mimi, na Mama akafungua daftari la kikoba kwa nyuma akaliweka mezani. Daktari alisoma kwa muda mrefu. Akachukua kalamu akawa anazungushia tarehe.

"Mama, hizi ameandika nani?"

"Mimi, mwanangu. Kama nimekosea nisamehe."

"Hujakosea. Tazama hapa."

Homa siku 9, mapumziko siku 10. Homa siku 9, mapumziko siku 11. Homa siku 9, mapumziko siku 10. Akasema homa ya namna hii iliandikwa na Pieter Pel wa Amsterdam mwaka 1885, na Wilhelm Ebstein wa Göttingen mwaka 1887, na inabeba majina yao mpaka leo. Huonekana kwa wagonjwa wachache wa limfoma ya Hodgkin, kansa ya tezi ambayo Thomas Hodgkin aliieleza London mwaka 1832. Ni nadra kiasi kwamba wapo madaktari waliotilia shaka kama kweli ipo. Wagonjwa wengi wa Hodgkin wenye homa huwa na homa isiyo na mpango, inayopanda jioni na kushuka alfajiri. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuiona hii ya vipindi, na asingeiona siku ile bila daftari, kwa sababu sisi tulipoulizwa kwa mdomo tulijibu kama kila mtu anavyojibu: "Homa inakuja na kuondoka."

Akampima uzito: kilo 56. Februari, alipopima kwa ajili ya leseni, alikuwa na kilo 64. Picha ya kifua ikaonyesha kivuli kipana katikati, kati ya mapafu mawili, nacho ndicho kilichokuwa kikimletea kikohozi. Tarehe 7 Mei tezi moja nzima ikatolewa shingoni kwa upasuaji mdogo na kupelekwa patholojia, maabara inayochunguza vipande vya mwili kwa darubini.

Kwa nini tezi nzima, wakati sindano ilishachomwa? Swali hili niliuliza kwa ukali, maana tulikuwa tumelipia mara mbili. Jibu lake ndilo linaloeleza na homa pia, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Katika uvimbe wa Hodgkin chembe za kansa zenyewe ni chache mno, aghalabu kama moja katika mia. Zilizobaki zote ni chembe za kinga za mgonjwa mwenyewe, zilizoitwa na kukusanyika. Sindano nyembamba inaweza kufyonza umati ule ikaikosa ile moja. Mpatholojia anahitaji kuiona tezi ilivyojipanga, na kuitafuta chembe kubwa yenye viini viwili vinavyofanana na macho ya bundi. Hiyo inaitwa chembe ya Reed na Sternberg, kwa majina ya Dorothy Reed na Carl Sternberg walioieleza vizuri karibu na mwaka 1900.

Sasa, chembe ile chache inawaitaje wenzake? Kwa kutoa kemikali za kuamsha kinga, na umati unaokuja nao unatoa zake. Kemikali hizo zikisafiri kwenye damu hufika kwenye ubongo, sehemu ndogo ya chini inayoitwa haipothalamasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kupanga joto la mwili. Pale hutengenezwa kitu kiitwacho prostaglandini, na prostaglandini hupandisha kiwango kilichopangwa. Mwili uliokuwa umeambiwa ukae nyuzi 37 sasa unaambiwa ukae 39. Unajiona umepoa, ndipo mtu anatetemeka na kutafuta blanketi jua likiwa kali. Kiwango kikishushwa tena, mwili unajikuta una moto wa ziada, unamwaga jasho. Jasho la usiku lililolowesha magodoro yetu lilikuwa ni thermostati inayorudishwa chini. Homa ya malaria, ya nimonia na ya kansa zote hupita kwenye mlango huu mmoja wa ubongo, ndiyo maana kipimajoto hakiwezi kukuambia ipi ni ipi.

Hodgkin haiko peke yake katika hili. Limfoma nyingine, kansa za damu, kansa ya figo na ya ini, na kansa yoyote iliyosambaa kwenye ini, zote zinaweza kuleta homa bila kuwapo maambukizi. Lakini kwa mgonjwa wa kansa, maambukizi hutafutwa kwanza, kila mara. Homa ya kansa husemwa baada ya mengine kuangaliwa na kukosekana.

Majibu ya patholojia yalichukua wiki tatu. Katikati yake, tarehe 20 Mei, homa ilirudi kama ilivyotarajiwa, na siku ya nne daktari akampa naproxen, dawa ya kutuliza maumivu na homa, asubuhi na jioni, pamoja na dawa ya kulinda tumbo, baada ya kuhakikisha figo ni nzima. Kesho yake jioni kipimajoto kilisoma 36.9, siku ambayo kwa kalenda ile alipaswa kuwa anaungua. Vidonge vikaisha Jumamosi, duka la dawa la jirani limefungwa. Jumapili usiku 38.7. Tukapata vingine Jumatatu, ikashuka. Naproxen huzuia utengenezaji wa ile prostaglandini, na tangu miaka ya 1980 madaktari wameona kwamba homa ya kansa huitii dawa hii vizuri kuliko homa ya maambukizi. Daktari alitusisitizia kwamba hii ni dalili tu, haithibitishi kitu, maana yapo maambukizi yanayoshuka kwa naproxen na zipo homa za kansa zisizoshuka.

Katika wiki zile jamaa mmoja mwenye duka la dawa alitushauri tumpe prednisoloni, "itamrudishia hamu ya kula." Daktari alikataa kwa sauti niliyoikumbuka baadaye. Prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ingeshusha homa, ingepunguza uvimbe, na ingeweza kuifuta alama tuliyokuwa tukiitafuta patholojia, mgonjwa akionekana amepona kwa mwezi mmoja.

Tarehe 28 Mei majibu yakaja: Hodgkin. Picha ya CT ikaonyesha uvimbe uko shingoni na kifuani tu, juu ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, kwa hiyo hatua ya pili. Mbele ya namba ile wakaandika herufi B. Herufi hiyo huongezwa kwa mgonjwa mwenye homa ya zaidi ya nyuzi 38 isiyo na sababu nyingine, au jasho la usiku la kulowesha, au aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito katika miezi sita. Yeye alikuwa na yote matatu. Nilishangaa kwamba homa tuliyokuwa tukiifukuza kwa miezi mitatu sasa imeandikwa kwenye jina la ugonjwa wake, na inaamua atibiwe kwa nguvu kiasi gani. Dawa za TB zikasimamishwa. Safari za Dar es Salaam zikaanza, kilomita karibu 200 kwenda, hadi Ocean Road, hospitali ya kansa, kwenye majengo ya Wajerumani yanayoitazama bahari.

Kemo yake ilikuwa ya dawa nne kwa dripu, kila baada ya wiki mbili. Jioni ya dripu ya kwanza, tarehe 16 Juni, alipanda hadi 38.2 akatetemeka. Tulikuwa tumeonywa: moja kati ya zile dawa nne, bleomycin, inaweza kuleta homa saa chache baada ya kuingia mwilini. Usiku wa manane ikashuka. Baada ya hapo zilipita siku kumi bila homa na bila jasho. Alianza kula ugali wa mtu mzima.

Hapo ndipo tulipokaribia kumpoteza.

Tarehe 28 Juni, siku ya kumi na mbili, Mama alinipigia simu saa tatu usiku nikiwa zamu. 38.4. Hakuna kikohozi, mkojo hauchomi, hakuna jipu, amechoka tu. Nilihesabu kichwani nikaona ni kipindi chake, zile siku zake. Nikamwambia Mama ampe parasetamoli, asubuhi nitakuja. Tulikuwa tumeishi na homa miezi minne, tumejifunza kutoiogopa, na mimi muuguzi ndiye niliyekuwa nimewafundisha wenzangu kutoiogopa.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Alikuwa kimya, mikono ya baridi, anajibu maneno nusu. Kipimajoto: 35.5. Mama alikuwa ameliandika hilo kwenye daftari na pembeni ameweka alama ya vema, kwa kuwa homa imeshuka. Mapigo ya moyo yalikuwa 128.

Kemo hushambulia chembe zinazozaliana haraka, na uboho wa mifupa ni kiwanda cha kuzaliana. Kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, askari wa mstari wa mbele, nyutrofili, wanaweza kushuka sana. Za kwake, tulipopima, zilikuwa 200 katika kila mikrolita ya damu. Chini ya 500 ni hatari kubwa. Usaha ni mizoga ya nyutrofili. Asiye nazo hatungi usaha, kidonda chake hakivimbi sana, picha ya mapafu inaweza kuwa safi wakati mapafu yanaungua. Alama pekee inayobaki ni homa. Mdogo wangu hakuwa na kikohozi wala jipu kwa sababu hakuwa na cha kukohoa wala cha kutunga. Mimi nikachukulia kukosekana kwa dalili kuwa ni usalama.

Kushuka hadi 35.5 kulikuwa kubaya kuliko 38.4. Mwili uliozidiwa na maambukizi kwenye damu unaweza kushindwa hata kupandisha joto. Mama hakukosea kuona namba imeshuka. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kushuka kwa kupona na kushuka kwa kuzidiwa. Ngozi ya anayepona huwa na uvuguvugu na jasho, naye anaomba chai. Yeye alikuwa baridi, mapigo yanakimbia, haulizi chochote.

Hospitali ya karibu walimpokea kama dharura. Maji ya mshipani, damu ya kuotesha maabara ikachukuliwa, antibayotiki mbili za sindano zikaingia ndani ya saa moja, bila kusubiri majibu yoyote. Hicho ndicho kipimo cha huduma kwa mgonjwa wa hali hii, na walikitimiza. Saa nane mchana alipanda hadi 38.9, na nilifurahi kuiona homa ile. Siku ya nne alikaa kitandani mwenyewe. Si wengi wanaopatwa na hili kwa zile dawa nne. Kwa mchanganyiko mkali zaidi wa kansa nyingine ni wengi. Lakini kila anayepata kemo yoyote anapaswa kurudi nyumbani na namba zile: 38.3 mara moja, au 38.0 inayokaa saa nzima, ni hospitali usiku huohuo, na kipimajoto kitangulie kabla ya parasetamoli. Kipimwe kwapani au mdomoni. Njia ya haja kubwa iachwe, maana mchubuko mdogo pale unatosha kuingiza bakteria.

Sisi tulipewa karatasi yenye maelezo haya, imekunjwa ndani ya faili pamoja na risiti. Nilikuja kuisoma tarehe 30 Juni.

Baada ya hapo joto lake lilikuwa na visa vidogo tu. Kwa wiki kadhaa alivaa koti mchana wa Morogoro akisema baridi, na kipimajoto kinasoma 36.5, damu yake ilikuwa pungufu, na mafuta ya mwili yameisha. Wodini alilala jirani na mzee wa kansa ya tezi dume aliyekuwa akivua shati na kulivaa tena mara kumi kwa siku, kwa sababu ya sindano za kuzima homoni, nazo humletea mtu mzima wa kiume yale mafukuto ambayo wanawake wanayajua wanapokoma hedhi. Hakuna mwenye homa kati yao, na kila mmoja aliusumbua usingizi wa mwenzake kwa habari ya dirisha, lifungwe au liachwe wazi.

Ile homa ya siku tisa haikurudi tena tangu dripu ya kwanza. Mdogo wangu alimaliza mizunguko yote sita, uvimbe umekwisha, na anarudi kliniki kila miezi mitatu. Hodgkin ni miongoni mwa kansa zinazotibika vizuri zaidi, na daktari hakusita kumwambia hivyo.

Daftari liko kwenye kabati la Mama. Upande mmoja ni hisa za kikoba, upande mwingine ni joto. Ile alama ya vema kwenye 35.5 ameizungushia wino mwekundu, na chini yake, kwa mwandiko wake wa darasa la saba, ameandika simu ya wodi.